Ripoti ya modeli imefika mezani kwako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia vikaoni. Huulizwa na waganga wakuu wa wilaya, maofisa mipango, wajumbe wa kamati za maafa na madiwani, na pia watafiti wanaotaka kazi yao isomwe kabla bajeti haijafungwa. Mifano mingi ni ya malaria, maana huko modeli zina historia ndefu katika nchi zetu. Mingine ni ya VVU, Ebola, mvua na njaa. Kila swali lina namba, ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine pasipo kurudia maelezo.

## Misingi

1. Modeli ni nini, na inatofautianaje na utafiti tuliouzoea?

Modeli ni maelezo ya namna jambo linavyotokea, yaliyoandikwa kwa hesabu ili mtu abadilishe kitu kimoja na kuona vingine vinakwendaje. Modeli ya malaria huanza na mambo yanayojulikana: mbu jike humng'ata mtu mwenye vimelea, vimelea hukua ndani ya mbu kwa siku kumi hivi au zaidi, na mbu asipoishi kupita siku hizo hamwambukizi mtu mwingine. Ronald Ross aliandika hesabu za namna hii mwaka 1908 katika ripoti yake kuhusu Mauritius. Miaka ya 1950 George Macdonald akaonyesha kwamba kufupisha maisha ya mbu mpevu hupunguza maambukizi kuliko kupunguza idadi ya mbu kwa kiwango kile kile. Hoja hiyo ndiyo iliyoipa nguvu kazi ya kupulizia dawa ukoko kwenye kuta za nyumba, na mpaka leo ndiyo inayoeleza kwa nini chandarua chenye dawa kinamkinga hata jirani asiyekuwa nacho.

Jaribio la utafiti hupima kilichotokea mahali fulani kwa muda fulani. Jaribio la vyandarua la Misungwi, mkoani Mwanza, lililochapishwa 2022, lilikuta kwamba baada ya miaka miwili watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 25.6 katika maeneo yaliyopewa vyandarua vyenye dawa mbili za kuua mbu, klofenapiri na pairethroidi, na asilimia 45.8 katika maeneo ya vyandarua vya pairethroidi pekee. Hiyo ni habari ya Misungwi. Mganga wa Masasi anataka kujua itakuwaje kwake, kwenye mbu wengine, mvua nyingine na nyumba nyingine. Modeli huchukua kilichopimwa Misungwi na kukipeleka Masasi, kwa masharti ambayo ni lazima yaandikwe wazi.

2. Je, huo ni ushahidi kweli, au ni kubahatisha kwa kompyuta?

Ni ushahidi, na uzito wake hauzidi uzito wa vitu vilivyoingizwa ndani yake. Modeli iliyojengwa juu ya vipimo vizuri na ujuzi uliothibitishwa wa ugonjwa ina uzito. Iliyojengwa juu ya dhana tupu haina, hata grafu zake zikipendeza namna gani.

Kumbuka pia kwamba anayeamua bila modeli ya maandishi anayo nyingine kichwani. Afisa anayegawa vyandarua sawa kwa sawa kila wilaya amekwisha kuchukulia kwamba malaria ni ile ile kila wilaya, ila hakuiandika, na kwa hiyo hakuna anayeweza kumsahihisha.

3. Utabiri na hali ya "ikiwa" vinatofautianaje?

Utabiri husema kitakachotokea. Hali ya "ikiwa" husema kitakachotokea endapo sharti fulani litatimia. Kuchanganya viwili hivi kumeleta madhara makubwa kuliko kosa lolote la hesabu, kwa hiyo tulia hapa kidogo.

Septemba 2014 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa makadirio kwamba Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikisha wagonjwa milioni 1.4 wa Ebola ifikapo Januari 20, 2015. Magazeti ya dunia nzima yalibeba namba hiyo. Sharti lake halikubebwa: ikiwa hakuna hatua ya ziada itakayochukuliwa, na ikiwa wagonjwa wasioripotiwa ni wengi kwa kiwango kilichokadiriwa. Hatua zilichukuliwa: vituo vya matibabu vilifunguliwa, mazishi yalifanywa kwa usalama, jamii zilibadili mienendo. Mlipuko wote wa Afrika Magharibi ulimalizika ukiwa na wagonjwa takribani 28,600 na vifo zaidi ya 11,300. Ripoti ile ile ya CDC ilikuwa imeonyesha pia kwamba wagonjwa wa kutosha wakihudumiwa mahali pasipoambukiza wengine, mlipuko ungeshuka. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa na maana kwa mwenye kuamua, nayo haikupata vichwa vya habari.

Ukipewa namba yoyote, uliza: hii ni ikiwa nini?

4. Kwa nini tusisubiri jaribio kamili badala ya kutegemea modeli?

Palipo na nafasi ya kufanya jaribio, lifanyike. Lakini Tanzania Bara ina halmashauri 184, na hakuna atakayefanya jaribio katika kila moja, kwa kila mchanganyiko wa vyandarua, upuliziaji, tiba kinga na chanjo. Muda nao una ukomo. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S lilianza 2009 na kufuatilia watoto hadi 2014 katika vituo 11 vya nchi saba, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Hata baada ya kazi yote hiyo swali la itakuwaje miaka 10 au 15 mbele, mahali penye maambukizi madogo au makubwa kuliko vituo vile, lilibaki kwa modeli.

## Kusoma namba

5. Kwa nini mnatupa namba mbili mbili? Mimi niandike ipi kwenye bajeti?

Chukua makadirio ya RTS,S yaliyochapishwa 2016. Kwa kila watoto 100,000 waliokamilisha dozi nne, modeli zilikadiria kuzuia wagonjwa 116,480, na wigo wake ulikuwa kutoka 31,450 hadi 160,410. Kwa vifo, makadirio ya kati yalikuwa 484, kati ya 189 na 859. (Wagonjwa wanazidi idadi ya watoto kwa kuwa mtoto mmoja huugua malaria mara nyingi katika miaka 15 iliyohesabiwa.) Wigo ni mpana sababu kubwa ikiwa kwamba maeneo yenyewe hayafanani: makadirio yalihusu maeneo ambako watoto wenye vimelea ni asilimia 10 hadi yale ya asilimia 65.

Kwenye bajeti kila namba ina kazi yake. Ya kati hupanga fedha za kawaida. Ile iliyo upande wa hatari hupanga akiba: dawa za ghalani, vitanda, watumishi wa kuitwa kwa dharura. Namba ya chini ya faida ndiyo mtihani wa uamuzi wenyewe: ikiwa hata kwa vifo 189 tu vilivyozuiwa kwa watoto 100,000 bado ungeichagua chanjo, basi mjadala juu ya upana wa wigo haubadilishi kitu, na kikao kiendelee na ajenda nyingine. Uamuzi ukigeuka katikati ya wigo, hapo ndipo pa kuwekeza utafiti zaidi.

Tahadhari moja. Wigo hubeba mashaka yaliyopimika tu. Iwapo dhana ya msingi si sahihi, ukweli unaweza kuangukia nje ya namba zote mbili. Ndiyo sababu swali la 7 ni muhimu kuliko hili.

6. Utabiri wa msimu unasema "asilimia 45 mvua za juu ya wastani." Nifanye nini na asilimia 45?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha kanda ya Afrika Mashariki, hugawa msimu katika mafungu matatu: juu ya wastani, wastani na chini ya wastani. Bila habari yoyote kila fungu lina takribani asilimia 33. Kwa hiyo 45 ipime dhidi ya 33, wala si dhidi ya 50. Imepanda, na kupanda huko kuna maana, lakini bado kuna uwezekano mkubwa kidogo kwamba msimu utakuwa wa kawaida au mkavu.

Linganisha gharama ya kujiandaa bure na gharama ya kukutwa hujajiandaa. Kuzibua mitaro, kuhamisha dawa kutoka ghala la bondeni na kukagua madaraja ya vijijini ni kazi nafuu ambazo zina faida hata mvua ikiwa ya wastani. Asilimia 45 inatosha kabisa kuzianzisha. Kuhamisha kijiji kizima ni uamuzi mzito, nao usubiri utabiri wa siku kumi au wa siku tano, ambao una uhakika zaidi.

Afrika Mashariki imeonja pande zote mbili. Mwaka 2015 El Niño (ongezeko la joto la bahari ya Pasifiki ambalo mara nyingi huongeza mvua kwetu) ilikuwa kali sana baharini, na Kenya ikajiandaa kwa mafuriko makubwa, ila mvua za vuli hazikufikia zile za El Niño ya 1997. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba El Niño yenye madhara iliyokuwa imetangazwa haitatokea. Novemba mafuriko yakaikumba Kenya, Somalia na Ethiopia. Ukiyatazama matukio haya kwa pamoja utaona hatari ya kumlazimisha mtaalamu atoe jibu la ndiyo au hapana. Akishalazimishwa, habari iliyokuwa na manufaa, yaani kiasi cha uwezekano, imetupwa.

7. Ripoti ina kurasa 80. Ni dhana zipi niulize kwanza?

Anza na zile zinazohusu watu, kwa kuwa huko ndiko watengenezaji wa modeli wanakojua kidogo kuliko wewe. Modeli ya vyandarua imechukulia wangapi wanalala ndani ya chandarua kila usiku? Kuwa nacho na kukitumia ni mambo mawili tofauti, na kwenye joto la pwani au kambi za wavuvi pengo linaweza kuwa kubwa. Kimechukuliwa kudumu muda gani? Kampeni nyingi hupangwa kwa mzunguko wa miaka mitatu, na vyandarua vingi huchanika au kutupwa kabla ya hapo. Mgonjwa akipata homa amechukuliwa kwenda zahanati au duka la dawa?

Kisha uliza juu ya mbu: usugu dhidi ya pairethroidi umehesabiwa? Mbu anang'ata saa ngapi, watu wakiwa nje au wamelala? Halafu swali linalofichua mengi kuliko yote: ni dhana ipi ambayo ikibadilishwa kidogo, matokeo hubadilika sana? Kila mtaalamu makini amekwisha kulifanyia hesabu. Asiyeweza kulijibu bado hajamaliza kazi yake, na una haki ya kumrudishia ripoti.

8. Data za vituo vyetu zina mapengo. Modeli itatoa nini cha maana?

Mapengo yanayojulikana yanaweza kurekebishwa; yasiyojulikana ndiyo hatari. Historia ya VVU inafundisha hapa. Kwa miaka mingi makadirio ya nchi yalitegemea damu za akina mama wajawazito kwenye kliniki chache, nyingi zikiwa mijini na kando ya barabara kuu. Utafiti wa kaya wa Kenya wa 2003 ulipopima watu nyumbani, ulikuta maambukizi ya asilimia 6.7 kwa watu wazima, chini sana ya makadirio yaliyotangulia. Mwaka 2007 UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, ilishusha makadirio ya dunia: yaliyochapishwa mwaka uliotangulia yalikuwa watu milioni 39.5, mapya yakawa milioni 33.2. Sehemu kubwa ya mabadiliko ilitokana na vipimo bora, hasa vya India. Modeli ilikuwa imefanya hesabu zake vizuri juu ya sampuli isiyowakilisha watu wote.

Kwa malaria, ujue data zako zinaona nani. Takwimu za DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za vituo vya afya, haziwaoni walionunua dawa dukani. Vitendanishi (vifaa vya kupimia malaria) vikiisha, wagonjwa waliothibitishwa "hupungua" ghafla, vikiletwa, "huongezeka." Tanzania imejisaidia kwa kuongeza macho mengine: upimaji wa wanafunzi wa shule za msingi na wa wajawazito katika mahudhurio ya kwanza ya kliniki. Vyanzo vitatu vikisema jambo moja, unaweza kulitegemea. Mwambie mtaalamu mapema kuhusu mwaka ambao vitendanishi viliadimika. Hana njia nyingine ya kujua.

## Kuamini na kutilia shaka

9. Modeli mbili zinapingana. Nifuate ipi?

Kwanza angalia kama kweli zinapingana. Mara nyingi moja inajibu kuhusu wagonjwa na nyingine kuhusu vifo, au moja inahesabu miaka mitano na nyingine kumi na tano.

Zikiwa zinajibu swali moja, usichukue wastani na kuondoka. Wakalishe wenyewe watumie data zile zile na dhana zile zile kadiri inavyowezekana. Ndivyo ilivyofanyika kwa RTS,S: vikundi vinne vilifanya hesabu kila kimoja kwa modeli yake, kimoja kikiwa cha kampuni iliyotengeneza chanjo, GSK, na matokeo yakawekwa kando kwa kando. Walipokubaliana, watoa maamuzi walipata msingi imara. Walipoachana, ilijulikana ni kwa sababu ya nini, kwa mfano namna kila modeli inavyochukulia kinga ya chanjo kupungua mwaka hadi mwaka. Shirika la Afya Duniani halikutegemea modeli pekee: chanjo ilianza kutolewa kwa majaribio ya utekelezaji Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019, na pendekezo la kuitumia kwa upana likatoka Oktoba 6, 2021.

10. Yaliyotabiriwa hayakutokea. Je, modeli ilikosea?

Soma kwanza swali la 3. Machi 16, 2020 kikundi cha Imperial College London kilikadiria vifo 510,000 vya UVIKO-19 nchini Uingereza ikiwa hakuna hatua zozote wala watu kubadili mwenendo wao. Wiki moja baadaye nchi ilifungwa. Baada ya hapo namba 510,000 haikuwa tena kipimo cha usahihi wa modeli, kwa kuwa sharti lake halikuwepo. Kipimo halali ni kuchukua mstari unaolingana na hatua zilizochukuliwa kweli na kuulinganisha na kilichotokea.

Lakini "tumezuia" isiwe kinga ya kila kosa. Modeli ambayo haiwezi kuonekana imekosea kwa namna yoyote haina msaada kwako. Kwa hiyo mwombe mtaalamu, siku ile ile anayowasilisha, aandike namba anayotarajia kuiona baada ya wiki nne au miezi mitatu chini ya mpango uliopitishwa. Siku hiyo ikifika, fungueni pamoja.

Mei 2020 ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika ilikadiria kuwa watu 83,000 hadi 190,000 wangekufa katika mwaka wa kwanza endapo juhudi za kudhibiti zingeshindwa. Ni mfano mzuri wa namba isiyopimika kirahisi: hatua zilitofautiana nchi hadi nchi, na vifo vingi havikusajiliwa. Penye usajili hafifu wa vifo, utabiri wa vifo hauhakikiwi kwa urahisi na mtu yeyote. Kuwekeza kwenye usajili ni kuwekeza kwenye kila modeli itakayokuja.

11. Nitajuaje kwamba modeli imepimwa dhidi ya hali halisi?

Uliza kama imelinganishwa na data ambazo haikuzitumia kujijenga. Kulingana na data zilizoijenga si ajabu yoyote.

Mradi wa Garki, kaskazini mwa Nigeria, uliofanyika miaka ya 1970 kwa ushirikiano wa serikali na Shirika la Afya Duniani, ulikusanya vipimo vya kina vya mbu na watu na kuviweka sambamba na modeli ya malaria. Upuliziaji wa propoksa, dawa ya kuua mbu, pamoja na dawa kwa watu wote ulipunguza sana malaria bila kuikata. Data zake zimeendelea kutumiwa kupimia modeli zilizotengenezwa miaka mingi baadaye.

## Kutoka ripoti hadi uamuzi

12. Mtaalamu wa modeli aitwe wakati gani?

Kabla swali halijaandikwa. Akija baada ya mpango kukamilika, ataombwa kupamba uamuzi uliokwisha kufanyika, na wengi hukubali kwa unyonge.

Mfano wa kufuata ni wa Tanzania Bara. Baada ya mapitio ya katikati ya mpango mkakati wa malaria wa 2015–2020, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria uliona kwamba nchi haiwezi kuendelea na kifurushi kimoja kwa wote. Kagera, Kigoma, Geita, Lindi na Mtwara zilikuwa na maambukizi makubwa, huku Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Njombe zikiwa na machache sana. Halmashauri 184 zikagawanywa katika makundi manne ya kiwango cha maambukizi kwa kuunganisha takwimu za vituo, wajawazito na wanafunzi. Kisha wataalamu wa Swiss TPH, taasisi ya utafiti wa afya ya Basel, Uswisi, kwa modeli ya OpenMalaria, wakakadiria kila halmashauri ingefika wapi chini ya vifurushi mbalimbali.

Kilichoifanya kazi hiyo itumike ni kwamba swali lilitoka kwa mpango wenyewe. Vifurushi vilivyopimwa ni vile ambavyo wizara ingeweza kweli kuvigharamia na kuvifikisha, na matokeo yalikuja kwa ngazi ya halmashauri, ambako bajeti hupangwa. Modeli ileile ikitoa wastani wa taifa, mkurugenzi wa halmashauri hana pa kuushikia.

13. Nina dakika kumi na kiongozi. Nipeleke nini?

Karatasi moja. Sentensi ya kwanza iwe uamuzi unaosubiriwa na tarehe yake. Ya pili iwe matokeo, pamoja na sharti lake. Halafu kitu kimoja kitakachobadilisha ushauri wako. Maelezo ya modeli yakae nyuma ya karatasi, kwa atakayeuliza.

Huu ni mfano wa kubuni: "Tukigawa vyandarua vipya katika kata za ziwani kabla ya masika, kati ya kila watoto kumi ambao wangeugua malaria mwakani, wawili hadi watatu hawataugua. Hesabu hii inahitaji watu sita kati ya kumi walale ndani ya chandarua. Wakilala wanne, faida inapungua karibu nusu, kwa hiyo tunaomba fedha za uhamasishaji ziidhinishwe pamoja na za vyandarua." Tumia watu, si asilimia zenye desimali. Usiseme "modeli inathibitisha." Na wigo usiufiche kwa kuogopa kuonekana huna uhakika: kiongozi akija kuugundua mwenyewe baadaye, hatasoma karatasi yako nyingine.

14. Modeli inaelekeza kundi fulani likose. Je, ni lazima tuifuate?

Hapana. Modeli hupima kile ilichoambiwa kipimwe. Ikiambiwa izuie wagonjwa wengi kwa fedha chache, itapeleka karibu kila kitu kwenye maambukizi makubwa na kuacha nyanda za juu. Wakati huohuo watu wa nyanda za juu wana kinga ndogo ya mwili, na mlipuko ukitokea huwaua hata watu wazima. Je, mtoto wa kisiwa kisichofikika ana haki sawa, ingawa kumfikia ni ghali? Jibu la hilo halimo kwenye kompyuta. Ni lenu, kwa niaba ya wananchi.

Mkiamua kinyume cha modeli, andikeni sababu kwenye muhtasari wa kikao, ili miaka miwili baadaye anayepitia aone kwamba hoja ilipimwa.

15. Modeli iliahidi kuokoa fedha. Mbona fedha hazionekani?

Angalia kasi iliyochukuliwa. Majaribio ya Orange Farm, Kisumu na Rakai yalionyesha kwamba tohara ya kitabibu hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU kwa takribani asilimia 60. Modeli iliyochapishwa 2011 ikakadiria kwamba nchi 13 za mashariki na kusini mwa Afrika zikiwafikia wanaume milioni 20.3 ifikapo 2015, na kuendelea na huduma baada ya hapo, maambukizi milioni 3.36 yangezuiwa hadi 2025, kwa akiba ya dola bilioni 16.5. Mwisho wa 2015 waliofikiwa katika nchi za kipaumbele walikuwa kama milioni 11.7. Ni kazi kubwa na imeokoa watu wengi, lakini akiba iliyohesabiwa ilitegemea mwendo ambao wauguzi na vyumba vya upasuaji vilivyokuwepo havikuuweza.

Jambo la pili: akiba ya namna hii ni matibabu ambayo hayatahitajika miaka ijayo. Haiingii kwenye akaunti ya halmashauri mwaka huu.

## Hali ngumu

16. Ushahidi ulikuwepo mapema, hatua ikachelewa. Tuzuieje hili?

Tangu Agosti 2010 mtandao wa tahadhari ya njaa wa FEWS NET ulikuwa ukionya juu ya mvua haba Pembe ya Afrika kutokana na La Niña, yaani kupoa kwa bahari ya Pasifiki, kinyume cha El Niño. Baa la njaa lilitangazwa Somalia Julai 20, 2011, na misaada ikapanda baada ya tangazo. Uchunguzi uliochapishwa 2013 ulikadiria watu 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi ya nusu wakiwa watoto chini ya miaka mitano. Vita na vizuizi vya al-Shabaab vilichangia sana. Hata hivyo miezi kumi na moja ya maonyo ilipita wakati kila ofisi ikisubiri uhakika.

Tiba yake ni kukubaliana kabla ya msimu: kiashiria gani, kikifika wapi, kinafungua fedha zipi, kwa saini ya nani. Kwa mfano, utabiri wa mvua chini ya wastani ukivuka asilimia mliyokubaliana na bei ya mahindi ikapanda kwa kiwango fulani, fungu la maji na malisho linafunguka siku hiyo bila kikao kipya. Mtakosea baadhi ya miaka, mtachimba visima kabla ya ukame ambao haukuja. Makosa hayo yakubalini hadharani tangu mwanzo, tena kwa maandishi, la sivyo afisa wa kwanza atakayejiandaa bure ataadhibiwa na wa pili hatajiandaa kabisa.

17. Modeli imetengenezwa Ulaya. Ina uhalali kwetu?

Mahali ilipotengenezwa si hoja kubwa. Hoja ni kama mbu, watu na huduma zilizomo ndani yake ni za kwetu. Muulize mtaalamu wa wadudu wa mkoa. Maeneo mengi ya Tanzania sasa mbu aina ya Anopheles funestus ndiye anayeambukiza zaidi, na modeli iliyotegemea tabia za aina nyingine, Anopheles gambiae, peke yake itapotoka. Anopheles stephensi, mbu wa Asia Kusini na Uarabuni anayezaliana kwenye matangi na mapipa ya maji mijini, alionekana Djibouti 2012, Ethiopia 2016, na uwepo wake Kenya ulitangazwa 2023. Modeli zinazochukulia kwamba mji una malaria kidogo kwa sababu ni mji zinahitaji kupitiwa upya.

Dai pia mtu wenu akae ndani ya kazi hiyo, afundishwe, na abaki na faili za programu na data.

18. Mfadhili ameleta matokeo tayari na anataka saini wiki hii. Nifanyeje?

Omba dhana kwa maandishi (swali la 7), chanzo cha data, nani alilipia kazi, na kama kuna kikundi huru kilichorudia hesabu (swali la 9). Kwa mtu aliyefanya kazi safi, haya ni mambo ya siku moja kuyaleta. Ukikataliwa, umeshapata habari muhimu kuliko yote iliyomo kwenye ripoti.

19. Modeli hii ina miaka mitano. Bado naweza kuitumia?

Chukua takwimu halisi za miaka miwili iliyopita uziweke juu ya mstari wake. Zikiwa ndani ya wigo, na hakuna kilichobadilika sana (aina ya chandarua, usugu, dawa ya mseto, fedha za wahisani), itumie hadi mpango ujao. Zikiwa nje, isimamishe hata kama hujui sababu, na mwite mtaalamu. Marudio hugharimu kidogo kuliko kazi ya kwanza, kwa kuwa programu na data za nyuma zipo tayari. Kinachokwamisha mara nyingi ni kwamba aliyekuwa na faili amehamishwa kituo, hivyo zikabidhiwe kwa ofisi, kwa barua, na nakala ya pili ikae kwa ofisa takwimu wa wizara.